Kitabu cha sarufi ya Kichina kichaguliwe kwa mazoezi yake

Anayejiandaa kwa HSK, mtihani wa umahiri wa Kichina kwa wageni, akiulizia kitabu cha sarufi huelekezwa kwanza kwenye vitabu vizito. Atatajiwa kile cha Charles Li na Sandra Thompson cha 1981, au kile kikubwa cha Yip Po-Ching na Don Rimmington. Ni vitabu vya heshima, na mwalimu wa Kichina asiye nacho hata kimoja ana pengo kwenye rafu yake. Kwa mtahiniwa, hata hivyo, ushauri huo haumsaidii. Kinachomfaa ni kitabu chembamba chenye mazoezi mengi ya kupanga maneno katika sentensi, majibu yakiwa nyuma. Kigezo hicho kitangulie jina la mwandishi, wingi wa kurasa na hata uzuri wa maelezo.

Sababu iko kwenye karatasi ya mtihani yenyewe. HSK ya zamani, katika ngazi ya chini na ya kati, ilikuwa na sehemu ya sarufi inayojitegemea: maswali 30 kati ya 170. Muundo wa 2010 uliifuta sehemu hiyo, na wengi wakadhani sarufi haitahiniwi tena. Kumbe imehama tu. Katika daraja la 3, sehemu ya kuandika ina maswali 10, na matano kati yake yanampa mtahiniwa maneno yaliyovurugwa ayapange yawe sentensi. Katika daraja la 4 ni maswali 10 kati ya 15, na katika daraja la 5 ni 8 kati ya 10. Sasa tazama hesabu ya alama: kusikiliza, kusoma na kuandika kila kimoja kina alama 100, jumla 300, na kufaulu daraja la 3 au la 4 ni kufikisha 180. Vijiswali hivyo vichache vya kuandika vinabeba theluthi nzima ya mtihani. Mtu anaweza kuwa amekariri maneno yote 1,200 ya daraja la 4, akayajua yote yaliyo mbele yake, na bado akakosa jibu kwa kuwa hajui lipi litangulie lipi.

Na mpangilio ndiko Mswahili anakoumia zaidi. Sisi husema “nilinunua kitabu hiki dukani jana”, na “jana” tunaweza kuliweka mwanzoni au mwishoni tupendavyo. Mchina atapanga hivi: mimi, jana, dukani, kununua, kitabu hiki. Wakati na mahali vinatangulia kitendo. Tunaposema “kitabu nilichonunua jana”, jina linaanza na maelezo yanalifuata. Kwa Kichina maelezo yote huja kwanza, halafu kijineno “de”, ndipo kitabu chenyewe kitokee. Tukisema “weka kitabu mezani”, Kichina hukitaja kitabu kwanza kwa neno “ba” kisha ndipo kiseme kukiweka mezani. Hakuna ugumu wa kuelewa kanuni hizi. Dakika kumi zinatosha. Ugumu ni kuzitii saa inapokimbia, na utii huo hauji kwa kusoma ufafanuzi hata ukiwa wa profesa. Huja kwa kupanga sentensi, kukosea, kuangalia jibu na kupanga tena, kama mtoto wa madrasa anavyorudia aya mpaka ulimi uizoee.

Atakayepinga anaweza kusema kwamba vitabu vya kiada tayari vina sarufi ndani yake, ukiwemo mfululizo wa HSK Standard Course ulioanza kutoka 2014. Ni kweli, na kwa daraja la 1 na la 2 sioni haja ya kununua kitabu kingine. Madaraja hayo hayana sehemu ya kuandika, na maswali yake yanachapwa pamoja na pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Fedha hiyo ibaki mfukoni. Kuanzia daraja la 3 mambo hubadilika. Kitabu cha kiada hugawa sarufi vipande vipande kadiri somo linavyokwenda: “ba” leo, “ba” tena baada ya miezi. Mtahiniwa anahitaji mahali pamoja pa kuiona mada nzima na kuifanyia mazoezi mpaka aimalize.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kitabu chembamba huacha mambo. Huacha, sawa. Kipimo cha kujua kinaacha nini kipo: viwango vipya vya Kichina vilivyoanza kutumika Julai 2021 vimeorodhesha vipengele 572 vya sarufi, vikigawanywa kwa madaraja. Mnunuzi afungue yaliyomo ya kitabu na ayalinganishe na orodha ya daraja lake. Vipengele vichache vikikosekana, mwalimu atavijaza. Kitabu kisicho na mazoezi hakijaziki kirahisi hivyo. Isitoshe, haohao Yip na Rimmington wameandika Basic Chinese: A Grammar and Workbook, chenye mazoezi kila somo na majibu mwishoni, na kingine cha ngazi ya kati cha mtindo huohuo. Ukiniuliza ununue kipi kati ya hivyo na kile chao kikubwa, sihitaji kufikiri.

Kasoro moja haikwepeki. Karibu vitabu hivi vyote tunavyovipata hapa humweleza msomaji wa Kiingereza, na taabu vinazozitatua ni za msomaji huyo. Chukua kijineno “le”. Kurasa nyingi hutumika kumzuia Mwingereza asikichukulie kama alama ya wakati uliopita. Mswahili anayejua tofauti ya “nilishiba” na “nimeshiba” yuko karibu zaidi na jibu, maana “le” mara nyingi hukaa upande wa “-me-”: hali imebadilika, jambo limekamilika. Ndiyo maana Kichina hakihitaji “le” katika “utotoni alicheza mpira kila jioni”, ingawa ni habari ya zamani. Vivyo hivyo maneno ya kuhesabia, ambapo vitu bapa vina neno lao na vitu virefu lao, hayawezi kumtisha mtu aliyekulia kwenye ngeli. Huko asome haraka, muda wake aupeleke kwenye mpangilio.

Dawa ya kasoro hiyo iko karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundishia Kichina, tangu 2005, na kile cha Dar es Salaam tangu 2013. Walimu wa huko wanayajua makosa ya wanafunzi wetu kuliko mchapishaji yeyote wa London au Beijing. Kitabu kidogo cha mazoezi ya mpangilio wa sentensi, chenye maelezo ya Kiswahili na kinachoanzia kwenye makosa hayo, hakihitaji kurasa zaidi ya mia moja.