Mashine ya makuti Rumonge: tuchague ile ambayo fundi wetu ataiweza

Kila baada ya kupogoa, mashamba ya michikichi ya Rumonge hubaki na milundo ya makuti. Michikichi mizee inapoangushwa ili kupisha mbegu bora ya tenera, magogo huachwa shambani yaoze. Gogo linalooza ndilo makazi ya chonga, mdudu mwenye pembe anayetaga mayai humo, kisha akikomaa huenda kutoboa kilele cha mche mchanga. Mkulima anapanda mti mpya huku akimlea adui yake pembeni.

Ndiyo maana mashine ya kukatakata makuti na magogo, inayokokotwa na pikapu kutoka shamba hadi shamba, ni biashara yenye maana katika mwambao huu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac. Vipande vyake ni matandazo na mboji, na mwenye mashine hulipwa kwa kazi. Wanaoweza kuileta ni ninyi mnaopita Manyovu na Mugina kila wiki. Lakini mkichagua kwa kutazama bei na nguvu za injini pekee, mtanunua chuma cha kuegesha uani.

Jambo la kwanza ni mti wenyewe. Mchikichi si mkaratusi. Ndani hauna mbao ngumu, una nyuzi ndefu zilizojaa maji. Mashine ndogo yenye visu juu ya sahani na mdomo mwembamba hukata tawi kavu vizuri sana, lakini nyuzi za mchikichi hujizungusha kwenye ekseli na kuziba bomba la kutolea. Tafuteni yenye pipa la visu na rola za kuvuta zinazoweza kurudi nyuma, au inayotumia nyundo kama zile za mashine za kusaga mahindi. Muuzaji akitaka kuwaonyesha inavyofanya kazi, mpeni kuti bichi na kipande cha gogo lenye maji. Akikataa, amekwisha kuwajibu.

La pili ni safari. Pimeni uzito wa mashine kabla ya kupima bei yake. Ulaya, tela linalozidi kilo 750 ni lazima liwe na breki zake. Hata pale ambapo hakuna askari wa kuwauliza, milima ya kushuka kutoka Manyovu itawauliza. Angalieni pia kichwa cha kuunganishia: mashine za Ulaya hutumia tufe la milimita 50, za Marekani mara nyingi inchi 2, karibu milimita 51. Kwa macho yanafanana, lakini moja likivalishwa lingine, ama halikai, ama linacheza mpaka linachomoka njiani.

Kuna jambo wengi hawalifikirii. Tanzania tunaendesha kushoto, Burundi na Kongo kulia. Mashine inayolishwa kwa ubavuni, iliyoundwa kwa nchi za kushoto, ikiegeshwa kando ya barabara ya Rumonge itawaweka vibarua upande wa magari. Chagueni inayolishwa kwa nyuma, yenye bomba linalozunguka, na iwe na kizuizi cha kuisimamisha mara moja mkono unapokaribia rola. Kibarua akipoteza mkono, hakuna faida ya makuti itakayomrudishia.

La tatu ni mafuta na vipuri. Uhaba wa mafuta Burundi kila mfanyabiashara anaujua. Injini kubwa inayokunywa kutwa nzima itakaa kimya siku mnazoihitaji. Injini ya dizeli ya silinda moja, ya aina inayoendesha mashine za kusaga, haina fahari, lakini fundi wa Kigoma anaijua na wa Rumonge anaijua. Ulizeni mikanda na beringi zake zinapatikana wapi, na kama visu vinaweza kunolewa au kuchongwa vingine kwenye karakana ya kawaida. Mchanga wa ufukweni huvimaliza visu haraka, kwa hiyo nunueni seti mbili tangu mwanzo.

La nne ni forodha. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumika kwa shehena isiyozidi dola 2,000, tena ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Mashine ya China haiwi ya Tanzania kwa sababu tu imenunuliwa Dar es Salaam. Iliyoundwa na karakana ya kwetu inaweza kukubalika, ikitimiza kanuni za uasili. Waulizeni maofisa kabla ya kulipa, si mkiwa mmeshafika getini. Na kama mnataka kuivusha kwa kazi ya wiki chache na kuirudisha, ulizeni utaratibu wa kuingiza kwa muda. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu.

Benki ya Maendeleo ya Afrika iliweka ndani ya mradi mmoja barabara ya Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, na ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260. Waliopanga waliona kwamba pande hizi mbili ni soko moja. Nasi tununue kwa mtazamo huo. Kikundi cha Kigoma na kikundi cha Rumonge wachange pamoja, waiagize kwa fundi wa karakana ya karibu, wamlipe kwanza ya kujaribia, na waandikishane nani anaitumia mwezi gani na nani ananunua visu. Kama fundi wa upande mmoja tu ndiye anayeweza kuifungua na kuifunga, basi bado hatujapata mashine ya soko letu.