Kompyuta ya kwantamu imepangia mabasi njia Lisbon, daladala za Unguja je?

Novemba 2019, Volkswagen ilitumia kompyuta ya kwantamu ya D-Wave kuyapangia njia mabasi 9 jijini Lisbon, Ureno, ili yakwepe foleni. Kazi yake: kuchagua mpangilio bora kati ya mingi mno, basi hili lipite wapi na lile wapi.

Lakini kompyuta haijui hayo yenyewe. Inalishwa takwimu za abiria na foleni.

Hapo ndipo Unguja ina kazi. Daladala ya 505 ya Uwanja wa Ndege mara nyingi husubiri ijae ndiyo iondoke. Konda anajua saa abiria wanapofurika, ila ujuzi huo uko kichwani mwake. Kurekodi safari kwa simu tu kungekuwa mwanzo mzuri. Kwantamu baadaye.