Baba Arudipo Likizo



Desemba inakaribia, na huku Kibosho kila mmoja anajua maana yake. Shule zitafungwa, na mabasi ya kutoka Dar es Salaam yataanza kuwashusha Moshi mjini watu waliokuwa mbali mwaka mzima. Wenzetu Wakristo wana sikukuu yao. Sisi Waislamu hatuna sherehe, lakini tuna wazazi na makaburi ya wazee wetu huku, na likizo ya kazini ni hiyo hiyo moja. Kwa watoto wengi, hizo ndizo siku pekee za kulala nyumba moja na baba yao.

Tumelifikiria jambo hili baada ya kutazama filamu iitwayo Aftersun, iliyotoka mwaka 2022. Aliyeitunga na kuiongoza ni Charlotte Wells, mwanamke wa Uskoti, akichota katika kumbukumbu zake za marehemu baba yake. Hatuipendekezi kwa watoto, maana ina mambo yasiyoafiki maadili yetu. Hata hivyo, kisa chake kina mazingatio. Sophie, binti wa miaka 11 anayeishi na mama yake, anakwenda likizo Uturuki na baba yake. Wanaogelea, wanacheza, wanarekodiana kwa kamera ndogo ya video. Hajui kwamba baba huyo, kijana bado, amebeba huzuni nzito na hulia akiwa peke yake. Miaka baadaye, Sophie akiwa mtu mzima, anazitazama tena video zile akijaribu kumwelewa. Filamu haisemi wazi baba alipatwa na nini. Tunachokiona ni binti aliyebaki na kumbukumbu.

Nasi tunayo Desemba yetu. Baba yetu, Allah amrehemu, alifanya kazi Dar es Salaam. Mwaka mmoja alikuja mikono mitupu, akakaa nasi siku nyingi kuliko kawaida. Ilipofika zamu yetu ya maji, alituamsha alfajiri tukaenda naye kufungulia mfereji wa migomba, akatufundisha kutawadha kwa maji yale ya baridi pasipo kuyafanyia israfu. Kwetu hiyo ilikuwa likizo bora kuliko zote. Alikuwa amekwisha kufariki mama alipotueleza kwamba Desemba ile baba alikuwa ameachishwa kazi, na hata nauli ya basi aliikopa.

Ndugu zetu akina baba, kila mwaka wapo miongoni mwenu wasiopanda basi kwa sababu mfuko ni mtupu. Mnaona haya kufika nyumbani bila kilo ya sukari wala nguo mpya za watoto. Njooni hivyo hivyo. Mtoto anamhitaji baba kabla ya mzigo wa baba. Mtume wetu (S.A.W.) alirefusha sijda akiwa anaswalisha, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakutaka kumharakisha. Ikiwa swala ilimpa mtoto nafasi, vipi shughuli zetu nyingine zimnyime?

Nasi tulioko nyumbani tuna wajibu wetu. Mgeni wa Desemba tusimpokee kwa kumhesabia mizigo. Tukimwona ndugu amebaki msikitini peke yake baada ya Isha, tusiishie kwenye salamu. Tukae naye, tumuulize hali kwa siri, na penye uwezo tumsaidie kwa siri pia.

Ama sisi ambao wazazi wetu wametangulia, hatuwezi tena kuwauliza kilichowaelemea. Lakini mlango haujafungwa: Sura Al-Israa, aya ya 24, imetufundisha kuwaombea rehema kwa malezi waliyotupa udotoni. Desemba hii, kabla ya kushuka mlimani, tupite makaburini tuwaombee, na watoto wetu tuwashike mkono twende nao.

Wabillahi tawfiq.