Tuache kupiga Windows kwa kila ugonjwa!

Najua nimepotea siku nyingi. Nilikuwa Rungwe kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, na kule mvua ikianza haikuulizi umevaa nini. Nimerudi kampasi juzi na matope kwenye viatu, mkungu wa ndizi niliopewa siku ya kuaga, na jambo moja lililonikaa rohoni. Leo nalitoa.

Jambo lenyewe ni hili: jamani, tunazika kompyuta zilizo hai. Kompyuta ikigoma kuwaka, sentensi ya kwanza utakayosikia ni "diski imekufa", na ya pili ni "tupige Windows upya". Mimi nasema mara nyingi diski ni nzima kabisa, ila kidhibiti cha diski na draiva yake haviendani. Na ukikosea hapo hupotezi hela ya fundi tu, unapoteza kazi za watu.

Ngoja niwape kisa. Shule niliyopangiwa iko nje kidogo ya Tukuyu, unapita mashamba ya chai mpaka unafika. Ofisi ya taaluma ina kompyuta moja ya mezani, na ndani yake kulikuwa na alama za wanafunzi za miaka mitatu, kuanzia majaribio ya kila mwezi hadi mitihani ya muhula. Nakala nyingine? Hakuna. Shule ilipofungwa, mtu akachomoa nyaya zote kwa kuogopa radi, na kwa Rungwe hilo ni jambo la busara. Tulipofungua tukawasha, ikaja skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ikajizima, ikajiwasha, bluu tena.

Fundi akaitwa kutoka mjini. Kijana mstaarabu, simsemi vibaya. Akaiangalia dakika tano, akasema, "Madam, hii diski imekata moto. Mnunue nyingine nipige Windows, mtaanza upya." Mwalimu wa taaluma, mama mmoja wa makamo, akakaa chini. Kuanza upya maana yake ni kusaka daftari za walimu ambao wengine walishahamia mikoa mingine, na alama za kidato cha nne zilikuwa zinatakiwa wiki ile ile.

Mimi nasoma Historia na Kiswahili, si mtaalamu wa kompyuta. Lakini mwaka jana nilipoteza andiko langu la utafiti kwa sentensi hizo hizo mbili. Nilikubali wafomati, baadaye nikaja kujua diski ilikuwa nzima. Nililia, kisha nikaanza kusoma. Kwa hiyo siku ile nikasema, "Kaka, samahani, naomba tuangalie saa kwanza."

Saa ya ile kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Hiyo ni dalili kwamba betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, ile iliyoandikwa CR2032, imeisha. Betri ikiisha na waya wa umeme ukachomolewa, BIOS inasahau yote uliyoipangia na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Tukaingia BIOS. Diski ilikuwepo, na jina lake na ukubwa wake! Maiti haijitambulishi jamani. Tukaenda kwenye mpangilio wa SATA, tukakuta RAID. Tukaandika pembeni kilichokuwepo, tukabadilisha kuwa AHCI, tukahifadhi, tukawasha. Duara likazunguka... likazunguka... kisha likaja jina la mtumiaji: TAALUMA. Yule mama alisema "ndaga fijo" mara tatu na kuniita mwanangu. Fundi naye akacheka, akasema, "Madam, leo umenipa somo." Betri mpya ikanunuliwa siku hiyo hiyo, na bei yake huwezi kuiweka karibu na bei ya diski.

Sasa nini kilitokea? Ndani ya kompyuta kuna kidhibiti, yaani chipu inayosimamia mawasiliano ya mashine na diski. Windows haiongei na diski moja kwa moja. Inaongea na kidhibiti, kupitia programu ndogo inayoitwa draiva. Na draiva ni dereva kweli kweli: leseni ya bodaboda haikupi ruhusa ya kuendesha Coaster ya Kyela. Kidhibiti kikiwekwa IDE kinataka draiva yake, AHCI inataka yake, RAID inataka yake. Windows inapoamka hubeba ile iliyoizoea tu. Ukiigeuzia mpangilio ghafla, inaamka haioni nyumba yake, ndipo inapokuonyesha ile bluu.

Ugonjwa huu una historia, na mimi ni mtu wa Historia, mnivumilie. Windows XP ilitoka 2001 wakati AHCI ilitangazwa 2004, kwa hiyo XP haikuwa na draiva yake. Mafundi wa enzi hizo wanakumbuka kubonyeza F6 na kuchomeka floppy yenye draiva. Vista ya 2007 ikaja nayo ndani, watu wakapumua. Mwaka 2011 kikatangazwa kiwango cha NVMe, na Windows 7 ya 2009 ikawa haizioni diski hizo mpaka iongezewe kiraka. Na siku hizi kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 11 huja na kitu kinaitwa VMD kikiwa kimewashwa. Unapiga Windows, unafika pa kuchagua diski, orodha tupu!

Hilo la orodha tupu limempata mwenzangu hapa kampasi wiki hii, kwenye kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba Mbeya mjini. Akapakua mkusanyiko wa "draiva za kompyuta zote", giga kadhaa, bando lililonunuliwa kwa hela ya bumu. Hakuna hata moja iliyomsaidia. Dawa ya kompyuta zote haipo, kama ambavyo dawa ya magonjwa yote haipo, hata yule wa mnadani aseme nini.

Basi maoni yangu juu ya kuchagua ni haya.

Kwanza, jua kidhibiti chako kabla hujatafuta draiva. Kama Windows bado inawaka, ingia Device Manager, chagua kidhibiti cha diski, soma Hardware Ids. Ukiona VEN_8086 ni Intel, VEN_1022 ni AMD. Namba inayofuata neno DEV ndiyo inataja kidhibiti chenyewe, na draiva inayokufaa ni ile ambayo faili lake la .inf limeandikwa namba hiyo. Kama haiwaki kabisa, soma modeli iliyobandikwa kwenye CPU, uende tovuti ya aliyeitengeneza. Usiende kwa kila anayekuahidi bure.

Pili, mpya si lazima iwe bora. Draiva ya Intel inayoitwa RST, matoleo yake mapya huacha nje vizazi vya zamani vya prosesa. Tena angalia biti: draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64.

Tatu, kama kompyuta iko kwenye AHCI, tulia. Windows ina draiva yake ya AHCI tangu Vista na inatosha kabisa kuanzia. Wengi wetu tunaharibu kwa kutafuta kisichopotea.

Nne, orodha ikiwa tupu wakati wa kusakinisha, bonyeza Load driver na uchomeke flashi yenye folda iliyokwisha kufunguliwa. Faili la .exe pale halisomeki, linatakiwa .inf, kwa VMD ni iaStorVD.inf. Njia nyingine ni kuzima VMD kwenye BIOS, lakini fanya hivyo kwa kompyuta isiyo na kazi za mtu ndani. Vinginevyo utaleta ajali ile ile ya shuleni.

Tano, kabla hujagusa BIOS piga picha skrini kwa simu. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha ufunguo wa kurejesha unao mkononi, maana ukibadilisha mipangilio inaweza kukuuliza.

Najua kuna watakaosema, na mwenzangu mmoja ameshasema, "Hayo waachie mafundi, wewe kafundishe Vita vya Majimaji." Nawaheshimu mafundi. Lakini fundi yuko mjini, nauli ni yako, na mwenye uchungu na zile alama ni mwalimu. Tena vifaa vinazidi kufika mashuleni. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka kompyuta shule za umma, na vishikwambi vya sensa ya 2022 vilikabidhiwa kwa walimu. Sisi tunaoandaliwa kuvitumia tunafundishwa kuchapa barua na kupanga jedwali, basi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nyingi za ofisi zitabadilishwa mfumo, iwe kwenda Windows 11 au Ubuntu. Na msidhani Ubuntu ni kimbilio: kompyuta ikiwa kwenye hali ya RST, hata kisakinishi cha Ubuntu kinakuomba uizime kwanza. "Diski imekufa" tutaisikia sana.

Nisiwadanganye, diski kufa zinakufa. Ikianza kugonga kok kok, au BIOS haiioni hata ukibadilisha waya, hapo draiva haifufui kitu. Ndiyo maana nakala ni lazima. Siku ile ile nilikaa na mwalimu wa taaluma mpaka jioni tukinakili alama zote kwenye flashi mbili, moja ikabaki kwa mkuu wa shule.

Ninachoomba si kikubwa. Kwenye somo letu la TEHAMA, saa moja tu mwanafunzi wa ualimu aingizwe BIOS, aone diski, aone mpangilio wa SATA, apakie draiva kutoka kwenye flashi kwa mkono wake. Na kila ofisi ya shule ibandike karatasi ndani ya mlango wa kabati: modeli ya kompyuta, mpangilio wa SATA, tarehe ya kubadilisha betri. Karatasi moja.

Kuna mtoto kule alipata 62 kwenye jaribio la Historia alilolifanya mvua ikipiga bati, sauti ya msimamizi haisikiki. Ile 62 ni jasho lake. Isifutwe kwa sababu sisi wakubwa tulishindwa kusoma herufi nne.

Naomba kutoa hoja. Wacha niwahi msosi kabla foleni haijafika mlangoni. Tupo pamoja.