Ndege wa Manjano Asiyekula Ngano

Mkulima wa Uasin Gishu aonapo ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi ukingoni mwa shamba lake, mara nyingi humwita mtoto aje na manati. Hasira yake ina sababu, maana kwera, wale wafumao viota vingi juu ya mti mmoja, huiharibu ngano iivapo. Lakini si kila mwenye vazi hilo ni kwera. Huenda akawa orioli, ndege wa msituni alaye viwavi, wadudu na matunda, asiye na haja na nafaka. Amwuaye huyo amejipunguzia msaidizi.

Basi watatambulikanaje? Macho hayategemewi, kwa kuwa yuko kwera dume ambaye macho yake ni mekundu kama ya orioli. Mdomo ndio ushahidi. Wa kwera ni mfupi, mnene, mweusi. Wa orioli ni mrefu zaidi, tena ni mwekundu uliofifia. Zaidi ya hayo, kwera huishi kwa makundi, na makelele yao hayana haya, bali orioli hukaa peke yake au wawili wawili juu vileleni, akifichwa na majani, hata husikiwa muda mrefu kabla ya kuonekana. Sauti yake ni mluzi mzito, laini, kama maji yamiminwapo kutoka katika kibuyu chenye shingo nyembamba. Atakaye kumwona na asimame kimya asubuhi ukingoni mwa msitu, kama ule wa Kaptagat karibu na Eldoret, aufuate mluzi kwa macho, wala asiukimbilie.

Akiisha kumpata, liko fumbo jingine, nalo huwashinda hata wenye darubini: orioli wenye vichwa vyeusi ni zaidi ya aina moja. Yule wa misitu ya milimani ana mkia mweusi katikati. Nduguye, apendaye miti ya nchi ya chini, mkia wake katikati ni wa kijani-manjano. Yule wa milimani alipewa jina la kitaalamu, Oriolus percivali, mwaka 1903, kwa heshima ya Blayney Percival, aliyekuwa Bwana Nyama wa nchi hii siku hizo.

Kinda wa orioli ndiye mdanganyifu hasa, maana mdomo wake bado ni mweusi. Hapo hutazamwa urefu wa mdomo, si rangi, na manati ibaki mfukoni.