Msimbo ni wa wote, lakini bando ni la nani?

Kama unatumia Linux, hii unaijua. Programu inazima ghafla na kukuachia ujumbe wa maneno mawili tu. Unafungua dibaga, yaani programu ya kusaka kasoro, ikuonyeshe mambo yameharibikia wapi. Badala ya jibu unapata namba zisizosomeka na alama za kuuliza.

Si ati kompyuta yako ni mbovu. Programu zikipakiwa kwa ajili yetu, maelezo ya kusaka kasoro hutolewa ili faili liwe jepesi. Msimbo chanzo nao hukaa kando. Zamani ilibidi utafute paketi za ziada, za toleo lile lile, uzipakue nzima hata kama shida yako ni mstari mmoja. Kukimbilia ukurasa wa mradi nako hakutoshi, kwa sababu Fedora, Debian na Ubuntu huongeza viraka vyao kabla ya kupakia. Mstari wa 214 kule huenda usiwe wa 214 kwako.

Tangu 2019 kuna dawa inayoitwa debuginfod, kutoka mradi wa elfutils. Kila programu hubeba kitambulisho chake, kwa kawaida herufi na tarakimu 40. Dibaga hukituma kwa seva, nayo hurudisha maelezo ya programu hiyo hasa. Ukifika kwenye mstari fulani, huletewa faili la msimbo lenye mstari huo, si mradi mzima. Dibaga ya GDB ilianza kuitumia katika toleo la 10, mwaka 2020. Fedora 35 ikaja nayo ikiwa tayari imewashwa, 2021. Si kila seva hutoa msimbo wenyewe, lakini zinazotoa hazikuulizi akaunti, neno la siri wala namba ya usajili wa chuo.

Hiyo namba ya usajili ndiyo hoja yangu. Mimi niliacha chuo, na wasee wengi ninaojua wanaoandika programu hawakumaliza au hawakuenda kabisa. Ukiwa nje, mwalimu wako ni msimbo wa watu waliokutangulia. Kuusoma wakati programu inakimbia, ukiona kila hatua inavyobadilisha kitu, kunafunza kuliko video kumi.

Kuna atakayesema, "Sisi tunaunda tovuti na apu, dibaga ni ya nini?" Sawa, lakini chini ya Python yako kuna C, na tovuti yako yaelekea inakaa kwenye seva ya Linux. Siku ya shida huko chini, asiyeweza kushuka atabaki kuwasha na kuzima akiomba Mungu.

Sasa tusidanganyane kuhusu gharama. Faili la msimbo ni dogo, lakini maelezo ya programu kubwa kama kivinjari yanaweza kufika mamia ya megabaiti. Anayetumia bando la siku atakwama kabla hajaona mstari wa kwanza. Seva iko wazi kwa wote, ila kuifikia kunategemea mfuko wako.

Hili linatatulika hapa hapa. Seva ya debuginfod inaweza kuelekezwa kwa seva nyingine. Ukiomba kitu ambacho haina, inakifuata huko, inakupa, kisha inabaki na nakala. Anayefuata anakipata kwa WiFi ya jengo bila kugusa intaneti ya nje. Programu yenyewe ni ya bure, na kompyuta kuukuu yenye diski ya kutosha inaweza kuanza kazi.

Kwa hivyo vyuo, maktaba na vituo vya teknolojia vinavyojisifu kulea vijana viweke seva moja kila kimoja, na viifungue hata kwa asiye na kitambulisho cha mwanafunzi. Wenye saiba nao wanaweza, na wapate wateja.

Nasi tuwe macho. Seva huona ni programu gani unaichunguza, ndiyo maana GDB kwa kawaida huuliza ruhusa kwanza. Soma swali kabla ya kukubali.

Tumeambiwa miaka yote kwamba programu huria ni za kila mtu. Kwa kijana asiye na bando, maneno hayo yatakuwa kweli siku atakapoweza kuufungua msimbo na kuusoma.