Antena Moja Haina Mshindani



Mwaka 2020 serikali yetu ilianza kukata pesa katika yunite za kila mwenye simu. Malipo hayo yaliitwa RAM, yaani rejista ya vyombo vya simu. Mwenye simu ndogo ya 2G alikatwa kama dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au zaidi, dola 7, karibu franka 14,000 za wakati ule. Tuliambiwa kwamba shabaha ni kupambana na simu bandia na simu za wizi. Wananchi walinung'unika, jambo likafika Bungeni, na mwanzoni mwa 2022 makato hayo yakafutwa.

Wengi walishangilia, nasi pamoja nao. Hata hivyo, furaha ile ilifunika swali lililo kubwa zaidi. Makato hayo yalisimamiwa na ARPTC, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya Oktoba 2002, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kulinda masilahi ya mtumiaji. Mlinzi wa mteja akageuka mtoza ushuru wake. Yohane Mbatizaji hakuwaamuru watoza ushuru waache kazi. Aliwataka wasipite kiwango kilichowekwa. Kwetu sisi, kiwango chenyewe ndicho kilichokuwa na kasoro. Mkazi wa Gombe, Kinshasa, mwenye kuchagua kati ya Vodacom, Airtel, Orange na Africell, alidaiwa dola 7 zilezile alizodaiwa mwalimu wa Kabambare anayepanda kilima jioni kutafuta rezo.

Wanaotetea soko huria hutuambia: yaacheni makampuni yashindane, bei itashuka. Ni kweli, pale yanaposhindana. Ndiyo maana watu wa mjini hutembea na laini mbili au tatu, wakihama kwa kufuata bei ya mega. Lakini penye antena moja, mteja hana wa kumkimbilia. Na pasipo antena, bei hata ikishuka hainunui kitu. Kampuni hupiga hesabu. Mnara wataka mafuta au mitambo ya jua, wataka mlinzi, na barabara ya kumfikisha fundi kutoka Kasongo, mvua ikianza, twaijua sote. Wateja ni wachache na mifuko yao ni myepesi. Hatusemi kwamba kampuni inayokaa mbali imetenda dhambi, imefanya biashara.

Hapo ndipo biashara inapofikia mpaka wake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali faida za soko, lakini akafundisha kwamba yapo mahitaji ya binadamu ambayo soko haliwezi kuyatosheleza, na ni wajibu wa jamii na serikali kuyaangalia. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku, simu ni hitaji la namna hiyo. Ni hivyo pia Salamabila, ambako watu wameishi miaka mingi kati ya dhahabu ya Namoya na bunduki: habari ikichelewa saa moja, kijiji kizima hukosa muda wa kukimbia.

Sheria ya simu ya 25 Novemba 2020 inaitambua huduma kwa wote, na upo mfuko wa kuiendeleza, FDSU, kwa ajili ya sehemu ambazo makampuni hayaoni faida. Tena mnara mmoja waweza kubeba mitambo ya makampuni mawili au matatu. Helios Towers hufanya biashara hiyo katika nchi yetu. Mfuko ukisaidia mnara vijijini, msimamizi na adai kwamba ufunguliwe kwa kila kampuni inayotaka kuutumia. Vinginevyo tutakuwa tumemjengea mmoja ukiritimba kwa pesa ya wote.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo za kila parokia ziandike ni vijiji gani rezo inafika, ni vipi haifiki, na ni makampuni mangapi yanasikika. Orodha hizo zipelekwe kwa Tume ya Haki na Amani, tuandike barua moja kwa ARPTC na kwa wabunge wetu. Katika barua hiyo tutauliza mfuko huo umepanga minara mingapi kwa Kabambare, na kwa mwaka gani.